Mnywesha Waya

Kazi aliyopewa Mwanamkuu kwenye shamba la pamba la Mdachi, huku upande wa Dimani, ilikuwa ya kijinga, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Kila asubuhi alijitwika mtungi wa maji kutoka bwawani, akaenda kuumwaga chini ya waya ghalani. Basi. Wenzake wakilima pamba kwa viboko, yeye ananywesha waya. Wakamwita Mnywesha Waya, wakamcheka, naye akawajibu kwamba afadhali kunywesha waya usio na shukrani kuliko kulisha mume asiye na shukrani. Mumewe Sadala alikuwa papo hapo na jembe lake, anasikia.

Waya wenyewe ulikuwa wa shaba, nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Ulianzia kwenye fimbo ya chuma iliyochongoka juu ya bati, ukateremka ukutani, ukazama ardhini mpaka kwenye bamba la shaba lililofukiwa shimoni. Msimamizi wa shamba, Mdachi mwenye shingo nyekundu aliyeogopa radi kuliko alivyomwogopa Mungu, alimweleza kwa kinywa cha mkalimani. Radi ikipiga itashika fimbo, itafuata waya, itazama kwenye udongo wenye majimaji. Udongo ukikauka itakataa kuzama. Itatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni watu waliomo ndani.

Mwanamkuu akasonya. "Anaogopa pamba yake isiungue, anasingizia watu," akamwambia Sadala. Lakini mtungi ulikuwa mwepesi kuliko jembe, na mgongo wake ulikuwa mbovu, basi akanywesha. Masika yale radi ikaipiga ile fimbo mbele ya macho yake. Chini ya waya ukatoka moshi kidogo, na ndani haikuungua hata pamba ya kujaza mto. Tangu hapo akaacha kusonya, ingawa hakumwambia mtu.

Kisha ikaja dawa. Watu wakaenda Ngarambe kwa mganga makundi kwa makundi, wakarudi wamenyunyiziwa maji ya dawa na kunyweshwa, wanatembea vifua mbele. Risasi za Mdachi zitageuka maji, ndivyo walivyoambiwa. Sadala naye akaenda, mwanamume aliyekimbizwa na jogoo wa jirani mchana kweupe.

"Mama Tatu, usinisogelee," akasema aliporudi. "Dawa ina miiko yake."

"Nani kakwambia nataka kukusogelea?"

Sadala akatazama mlangoni, akanong'ona. "Lakini siku yenyewe ya vita, nitaumwa tumbo."

Mwanamkuu akacheka mpaka machozi yakamtoka, maana alikuwa ameogopa sana. Alimpenda bwege yule. Huo ndio ulikuwa msiba wake.

Msimamizi aliposikia habari za vita alitoroka juu ya punda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Wanaume wakalitwaa ghala. Wakatupa pamba nje, wakaingiza mpunga na mikuki, wakalala humo wote, kwa kuwa miiko iliwakataza wake zao. Mkubwa wao alikuwa Mwinyimvua, mgawa dawa, mtu wa maneno mengi na ndevu chache. Siku moja akaona udongo uliolowa chini ya ukuta, akasimama.

"Hapa pamezikwa kitu. Nani hupamwagia maji?"

Macho yote yakamgeukia Mwanamkuu. Huku hakuna asiyejua zindiko. Kitu huzikwa ubavuni mwa nyumba, hunyweshwa, kikamlinda mwenye nyumba na kumdhuru mgeni. Mwinyimvua hakuhitaji kuambiwa zaidi. Sadala ndiye aliyerukia jembe, ili mume wa mnyweshaji asije akaonekana msaliti. Akafukua bamba, akaukata waya kwa shoka, akavurumisha bamba na kipande chake cha waya bwawani. Wakampigia vigelegele, wanaume wazima.

"Jamani, hiyo ni njia ya radi," Mwanamkuu akasema. "Mkiikata itapita kwenu."

"Radi!" Mwinyimvua akacheka. "Asiyeogopa risasi ataogopa radi? Na wewe, bibi, ukionekana tena hapa na mtungi tutajua uko upande wa nani."

Sadala akatazama vidole vyake vya miguu.

Vuli ikabisha hodi, mawingu yakaanza kupandana. Mwanamkuu alimsihi mumewe arudi kulala nyumbani, akaambiwa miiko. Basi Ijumaa, wanaume walipokuwa msikitini, aliingia bwawani hadi kifuani, akapapasa kwa miguu, akalitoa bamba na kipande chake. Akalifukia mahali pake. Akazifumua nyuzi za waya pande zote mbili, akazisuka pamoja kama alivyosuka ukili wa mikeka tangu utotoni, akapaka tope pale alipounga wasipaone. Vidole vilimchuruzika damu. Kisha akamwaga mtungi, huku akimtukana Sadala na ukoo wake mzima.

Mvua ilikuja magharibi ileile. Wanaume wakakimbilia ghalani. Mwanamkuu alikuwa mlangoni kwake mwanga ulipopasuka juu ya lile bati, akatoka mbio kwenye mvua bila ukaya kichwani. Walikuwa wakitoka mmoja mmoja, wakijigusa miili. Sadala alitoka mwisho, mzima. Mwanamkuu akamrukia, akampiga ngumi za kifua huku analia kwa furaha, miiko au si miiko.

Mwinyimvua akainua mikono. "Mmeona? Hata moto wa mbinguni umeshindwa na dawa!"

Wakapiga kelele za ushindi, na ya Sadala ilikuwa kubwa kuliko zote. Mwanamkuu akamshika mumewe mkono. Akamvuta kando.

"Ni mimi, Baba Tatu. Niliuunga ule waya. Njoo uone."

Wakaenda wakaona. Pale alipounga shaba ilikuwa imeyeyuka, imedondoka, na waya ulining'inia ukutani kama Sadala alivyouacha.

"Niliukata kwa mkono wangu," Sadala akasema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Radi imenishukia, na mimi huyu hapa. Dawa ni kweli, Mama Tatu."

"Na tumbo lako? Si ulisema litauma?"

"Tumbo langu halina neno."

Walipokwenda kulivamia boma la Mdachi, waliorudi walisema Sadala alitangulia wote, kifua wazi, akiziita risasi. Hazikugeuka chochote. Walimleta amefunikwa shuka. Mwinyimvua alikuwa nyuma kabisa, akiwahimiza, na alirudi na ndevu zake zote.

Msimamizi naye alirudi, na askari. Akakuta ghala limesimama, akafurahi, akafunga waya mpya na kumwita mnyweshaji wake. Mwanamkuu akaenda. Kila asubuhi alijaza mtungi bwawani. Nusu aliumwagia waya, kwa kuwa ndani ya ghala sasa walifungiwa waume wa wenzake. Nusu iliyobaki aliipeleka nyuma ya msikiti, akaimwaga polepole juu ya kaburi, toka kichwani hadi miguuni.

"Maji ni maji, Baba Tatu," alimwambia. "Kunywa, bwege wangu."