Maji ya Ugenini

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tulishuka kutoka Timau hadi Embu kwa harusi ya binamu yetu. Tulikuwa wanne: nyanya, mama, mimi na mdogo wangu Kendi, aliyekuwa na miaka mitano. Nyumba ya wageni tuliyolala ilikuwa na bwawa la kuogelea. Kwetu ni baridi. Maji mengi kuliko ya karai tulikuwa tumeyaona mtoni tu, na huko hakuna aliyethubutu kuingia.

Nyanya alikuwa ametufundisha kwamba mgeni huchovya unyasi kwenye maji ya ugenini, kisha hujigusa nao kwenye paji la uso, ili maji yamjue. Yasiyokujua hukushika kwanza, yakakunusa, ndipo yakakuachilia.

Asubuhi hiyo, wakubwa wakipiga nguo pasi ndani, Kendi aling'oa unyasi, akafanya kama tulivyofundishwa, akaniangalia.

"Yamenikubali?"

"Yamekukubali," nikasema. "Ingia."

Alishuka ngazi mbili, akateleza. Hakulia. Hata kurusha maji hakurusha. Niliona nywele zake tu zikielea, nami nikasimama pale nikingoja yamwachilie. Mama alipotoka na kuuliza Kendi yuko wapi, nilimjibu kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Maji yanamnusa."

Sijasahau mikono ya mama. Aliinyoosha juu ya maji, haikufika. Hakujua kuogelea, wala nyanya, aliyekuwa nyuma yake akimwita Mungu kwa Kimeru. Aliyeingia ni mwanamke aliyekuwa akianua shuka, na aproni yake na viatu vyake. Maji yalimfika kifuani tu.

Kendi alitapika maji, akapumua. Yule mwanamke alitufunika sote wawili kwa shuka kavu alizokuwa ametoka kuzianua, kisha akainama kwangu, nguo zikimchuruzika.

"Si kosa lako, mwanangu. Mtoto huzama kimya."

Sasa mimi pia ni mama. Nadhani nyanya alitaka tu tusimame ukingoni kwanza, tuyatazame maji. Mimi nikaona ni ruhusa. Tukisafiri na mwanangu akaomba kuogelea, nakaa pale mkono wangu unapomfikia, simu nikiwa nimeiacha mkobani.

Kendi alilazwa hospitalini siku mbili, harusi tukaikosa. Nyanya hakututajia unyasi tena.