Shati la Fundi Saa

Dobi tuliyemwita Mkaa alipiga pasi hivi kwamba nzi akitua kwenye kola aliteleza akavunjika mguu. Nguo isiyofuatwa na mwenyewe aliitundika ukutani, na ikikaa mno, aliivaa. Ndivyo alivyovaa shati jeupe la fundi saa, mteja aliyezikwa kabla ya kulichukua.

Wakati huo Mkaa alikuwa akimeza vidonge vya mkanda wa jeshi, yale malengelenge ya virusi yaliyomzunguka kiunoni. Malengelenge yakaanza kukauka. Mara mwili mzima ukalipuka vipele vyekundu, vinawasha kama kamwagiwa upupu.

"Mwenye shati analitaka," akamwambia mkewe, meno yanagongana.

Akalivua, akalifua, akalipiga pasi. Kila akilitundika na kugeuka, analikuta limekunjamana, mikono imening'inia kama ya mtu anayesubiri chake. Analirudia. Vidonge hakuacha, alimeza apate nguvu za kupambana na maiti. Homa ikapanda, macho yakaiva kama makaa ya pasi yake, midomo ikachubuka.

Mkewe akamshika kidevu. "Hebu fungua mdomo. Yallah, vidonda mpaka kwenye ulimi! Baba watoto, shati ulilivaa au ulilitafuna?"

"Usicheke, mama watoto. Anasikia."

"Asikie! Na aniambie, ulimi wako ulivaa shati lini?"

Akabeba vidonge, akamkokota na mumewe hadi hospitali. Daktari alitazama mdomo, akatazama vidonge. Habari za shati hakuzitaka.

"Dawa hii imekukataa, mzee. Ungeendelea, ngozi ingekuvuka kama ganda. Usiiguse tena maishani, na popote utakapotibiwa, sema."

Akalazwa, akapona, akabaki na mabaka. Siku aliyofungua tena kibanda, binti wa fundi saa akaja.

"Shikamoo. Nimefuata shati la baba."

"Marahaba, mwanangu."

Binti akaona ile mikono yenye mabaka, akasita. "Baba naye alitoka hivyo, mpaka mdomoni. Alikuwa na mkanda wa jeshi. Sisi tukasema ni sabuni yako, dobi. Tukaanza kumfulia wenyewe. Vidonge tukampa bila kukosa, mpaka mwisho."

Mkaa alilishusha shati ukutani. Safari hii lilikuwa limenyooka, halina mkunjo hata mmoja. Akalilaza mezani, akalipiga pasi hata hivyo, polepole, akianzia kwenye kola, kama anayemgusa mtu mwenye vidonda.