Wanaokwenda Duqm

Akikasirika, Bashayer hupiga pasi. Mwaka huu nyumba yetu ya Ghubra haina nguo iliyokunjamana. Mataulo yamepigwa pasi, vitambaa vya kufutia vyombo vimepigwa pasi, na kanzu za baba yake, Mzee Saeed, zimenyooka hata anaogopa kukaa kitako.

Bashayer ni binti wa mama yangu mdogo, Masouda. Mimi nililetwa nchi hii ya Kiarabu kutoka Unguja nikiwa mdogo. Skuli ya hapa ilinishinda mapema kwa Kiarabu chake, nikabaki nyumbani na mama mdogo. Mtu anayekaa kimya jikoni watu humsahau wakasema yote mbele yake, na ndivyo nilivyoijua khabari hii mwanzo mpaka mwisho.

Tangu mdogo Bashayer ni mtu wa kutaka kujua. Wenzake walipokuwa wanacheza yeye alikuwa juu ya dari, kafungua mfuniko wa tangi, anataka kuona maji yanapita wapi. Basi chuoni akachagua uhandisi wa maji. Na chuo chake kina mapatano na chuo kimoja cha Ujerumani, wanabadilishana wanafunzi, huyu aende muhula mmoja na yule aje. Alipochaguliwa akaanza kujifunza Kijerumani kwenye simu huku anamenya vitunguu. Anayarushia masufuria maneno yale kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa changu. Mimi nayajua machache sasa, bila ya kutaka.

Siku alipoleta khabari, mama mdogo alimkumbatia, akalia, akafuta machozi, akafunga mlango wa jikoni.

"Asijue mtu."

"Mama, ni chuo, si magendo."

"Nimesema asijue mtu. Hata shangazi yako."

"Shangazi Zakiya? Dada wa baba?"

"Hasa shangazi yako."

Kwetu safari haitajwi mpaka ndege imeruka. Hapo ndipo watu huambiwa, fulani kafika. Mama mdogo ana sababu yake zaidi ya watu wengine. Kaka yake Bashayer, Suud, alipata nafasi ya kwenda kusoma nje miaka ile. Mama mdogo akafanya karamu, akaalika ukoo mzima, halwa ikapita kwenye masinia. Wiki haikwisha, gari la Suud likapinduka, mguu ukavunjika pabaya, nafasi ikapewa mwengine. Leo Suud ni mtunza ghala kiwandani Rusayl, na akipanda ngazi utamsikia kabla ya kumwona. Mama mdogo hajafanya karamu tena.

Basi tukaanza kusema uongo. Jaketi la baridi tulilinunua Ghubra katikati ya joto la Agosti. Muuzaji alikwenda kulichimbua nyuma ya duka, akatutazama kama wagonjwa. Mama mdogo akamwambia, wala hakuulizwa, "Tunakwenda Jabal Akhdhar. Kule juu baridi." Muuzaji akasema sawa, mama. Glavu za sufu je? Akanunua na glavu.

Lakini uongo si kitu. Kilichotuua ni chumba.

Chuo cha Ujerumani kinakupa nafasi ya kusoma, pahala pa kulala ujitafutie. Dakhalia za wanafunzi, yaani mabweni yao, zina foleni. Vyumba vya watu binafsi vina wenyewe, na wenyewe wanataka kukuona kwenye simu kwanza, wakuulize unapika nini, unaamka saa ngapi, unacheza ngoma gani. Bashayer alipata mwanamke mmoja mwenye chumba kizuri. Akavaa mtandio wake wa kijani, akakaa mbele ya simu, anajibu vizuri kabisa. Mama mdogo kakaa pembeni, pale simu isipomwona, ananong'ona:

"Usimwambie tarehe ya safari."

Yule mwanamke akauliza, unakuja lini?

Bashayer akamtazama mama yake. Akasema, "Inshaallah, karibuni."

Karibuni lini?

"Inshaallah."

Chumba kikapewa mtu mwenye tarehe.

"Mama! Mjerumani wa huko atanifanyia hasadi gani mimi?"

"Hasadi haina pasipoti, mwanangu."

Bashayer akaenda kupiga pasi mapazia. Yalikuwa bado yananing'inia.

Kisha Ustadh Mutasim, anayeshughulikia wanafunzi hawa pale chuoni, akamwita. Akamwambia, yupo mwanafunzi wetu mmoja huko huko, muhula wake unakwisha, anaondoka kwenye chumba cha dakhalia. Dakhalia inamruhusu kupendekeza mtu wa kumrithi. Bashayer akaruka. Nani? Ustadh akakuna kidevu. Kijana mwenyewe ameomba asitajwe jina kwa mtu yeyote.

"Basi muulize wewe, Ustadh."

"Nimwambie anayetaka ni nani?"

Na Bashayer alikuwa ameapishwa na mama yake juu ya msahafu. Akasema, "Mwambie ni mwanafunzi wa kike. Jina... hapendi litajwe."

Jibu likarudi: siwezi kumpendekeza mtu nisiyemjua. Ustadh akajaribu tena. Jibu likarudi lile lile, na swali juu yake, huyu ni nani anayenichunguza?

"Nyinyi watu wa Kizanzibari," Ustadh Mutasim akamwambia, "mnanitia wazimu." Akampa na neno la mwisho. Ikifika Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huku, hana anwani ya pahala pa kukaa, nafasi inakwenda kwa anayefuata, naye keshaleta anwani yake.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alkhamisi, kama kawaida, tukaenda kunywa chai kwa shangazi Zakiya, Mawaleh, karibu na pale soko kubwa la mboga lilipokuwa. Suud alituendesha. Bashayer kanuna njia nzima.

Shangazi Zakiya naye ana mwana mmoja tu, Hamdan, na Hamdan tangu Machi yuko Duqm. Kila tukimwuliza, Duqm, bandarini, hapa hapa nchini, kwenye mafunzo ya kazi. Idi ndogo hakuja. Idi kubwa hakuja. Mama mdogo akisema, "Mafunzo gani hayo, hata jela watu hupewa ruhusa," shangazi hujibu kazi nyingi, wifi, kazi nyingi, kisha humtia mtu kitumbua mkononi.

Isha ilikuwa imeshasaliwa, nje giza. Shangazi yuko jikoni na mikono ya unga, na simu yake kaiegemeza kwenye chupa ya chai sebuleni. Ikalia. Picha ya Hamdan.

"Msiipokee!" shangazi akapiga ukelele kutoka jikoni. "Iacheni, nakuja!"

Ukitaka mama mdogo apokee simu, mwambie asiipokee.

"Hamdan! Baba wewe, hujambo? Duqm hamjambo?"

Hamdan akatokea kwenye kioo, kakaa nje, jua linampiga usoni mpaka anafumba jicho moja. Nyuma yake mti mkubwa wa kijani, majani hata matone ya mvua yanayo. Mimi Duqm sijafika, lakini nimeona picha. Jiwe, mchanga na bahari.

"Marahaba... shikamoo, mama Suud," akasema. Alivyobabaika alijijibu mwenyewe.

"Mashaallah, Duqm imestawi," mama mdogo akasema. Akageuza shingo, akatazama dirisha letu jeusi, akarudi kwenye kioo. "Na jua la huko halijachwa?"

Hamdan akatazama juu, kama ndiyo kwanza analiona.

"Taa hizi, mama Suud. Taa za bandari. Zina nguvu."

Suud akapaliwa na kitumbua.

Mimi nilikuwa namtazama Bashayer. Kasogea karibu na kioo, na hatazami jua wala mti. Anatazama jengo nyuma ya mti, lenye roshani za rangi ya chungwa. Jengo lile nalijua na mimi, ndiyo dakhalia ya Ujerumani. Wiki nzima lilikuwa kwenye simu yake, anamwonesha kila asiyekatazwa kuoneshwa, yaani mimi.

Nikaona mkono wa mama mdogo umeshuka chini ya meza, umemfinya Bashayer paja. Naye keshafahamu. Bashayer akafumba midomo. Alikuwa kaapa. Nje gari likapiga honi likapita. Akanitazama mimi, sijui kwa nini, mimi nna msaada gani. Nikatazama vitumbua. Nilipoinua macho keshamnyang'anya mama yake simu.

"Hamdan, unatoka lini kwenye chumba hicho?"

"Chumba gani?"

"Cha dakhalia. Yenye roshani za machungwa. Unatoka lini?"

"We umejuaje?"

"Mimi ndiye yule wa kike asiye na jina!"

Jua la bandari likamwakia Hamdan kwenye meno.

"Wewe?" akasema. "Bashayer? Nimekukataa mara mbili! Nilidhani ni mtu katumwa na mama yako kunipeleleza!"

Shangazi Zakiya alikuwa keshafika mlangoni, unga mpaka viwiko.

"Wifi," mama mdogo akasema polepole. "Tangu Machi unanambia Duqm."

"Na wewe? Jaketi la Jabal Akhdhar! Unadhani muuzaji wa Ghubra hana mdomo? Mimi kwake ndiko nilikonunua la Hamdan kwa uongo huo huo, na juzi akanambia ukoo wenu mnaupenda sana mlima huo."

"Nilikuwa nikimlinda mwanangu."

"Na nani?"

Mama mdogo akazungusha kikombe chake cha chai.

"Na nani, Masouda? Na mimi?"

"Siku ya karamu ya Suud," mama mdogo akasema, "ulisimama mlangoni hapo hapo, ukasema mtoto huyu atafika mbali. Hukusema mashaallah."

Shangazi akakaa kwenye kiti na unga wake. "Miaka yote hii?" akasema. "Miaka yote unakula kwangu, unakunywa kwangu, na moyoni unaniona mimi ndiye niliyemvunja mtoto mguu? Nikamficha Hamdan nisikutie uchungu kwa Suud, kumbe..."

Hapo wote wawili walikuwa wanalia, na Hamdan kwenye simu anasema halo, halo, mpo? Nikawaza, haya, Jumapili hiyo inapita hivi hivi kwa machozi.

Aliyeyakata ni Suud. Akafuta mafuta mdomoni, akasema kama anayeagiza chai:

"Mama, mguu nliuvunja mwenyewe. Nlikuwa naendesha huku naandika ujumbe kwenye simu."

"Ujumbe gani?"

"Nilikuwa najisifu kwa rafiki zangu. Kwamba nasafiri."

Mama mdogo akamtazama mtoto yule mwenye ndevu. Nilidhani atampiga. "Miaka yote hii hukunambia?"

"Ungenipiga."

"Bado ntakupiga!"

"Jamani," Bashayer akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefika mwisho wa kamba, "pigeni, lieni, semeni mashaallah mara elfu. Lakini mimi Jumapili nakosa nafasi. Hamdan! Utanipendekeza au hunipendekezi?"

"Nakupendekeza sasa hivi. Nitajie jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti."

Bashayer akamgeukia mama yake. Hapo ndipo nilipomwonea huruma mama mdogo kwa mara ya kwanza katika kadhia hii. Alikuwa kashika ukingo wa meza kama ndege ndiyo inaruka. Kisha akalitaja mwenyewe, jina la binti yake, la mumewe, la baba mkwe na la ukoo, moja moja, na baada ya kila jina akasema mashaallah. Shangazi Zakiya akayasema pamoja naye, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, asije akadaiwa tena.

Jumapili asubuhi anwani ikamfikia Ustadh Mutasim. Bashayer anasema alisoma majina yote mawili, akavua miwani, akauliza, "Nyinyi ni ndugu?" Kisha akaomba aachwe peke yake ofisini kidogo.

Ungedhani somo tumelipata. Usiku ule ule wa Alkhamisi, njiani kurudi kutoka Mawaleh, bado mafuta ya vitumbua hayajatukauka vidoleni, mama mdogo alishapiga simu kwa wifi yake kupanga. Hamdan akirudi, isemwe katoka Duqm. Na Bashayer je? Kwenye simu nikamsikia shangazi akisema, "Si aende Duqm? Watu washaizoea." Bashayer akapiga kichwa kwenye kioo cha gari, taratibu, mara kwa mara, mpaka nyumbani.

Kaondoka mwanzo wa Oktoba. Chumba chake kina dirisha linalotazama ule mti, na majani sasa yanaanguka. Anatupigia kila siku kulalamika. Jumapili maduka yamefungwa, takataka zina mapipa manne na jirani humgongea akikosea pipa, na darasani kila mtu anataka tarehe na saa ya kila kitu. Pasi hajanunua. Hiyo ndiyo khabari yake nzuri, mimi naielewa, mama yake bado.

Juzi nilikuwa nafagia mlangoni, akapita jirani yetu, Bi Kheiria, mama yake Aseel. Akasimama.

"Bashayer simwoni siku hizi. Yuko wapi?"

"Yuko Duqm."

"Ee, Duqm," akasema, na macho yakamcheza. "Hata Aseel wangu, inshaallah, mwezi wa tatu anakwenda huko. Mafunzo ya kazi."

Mkononi alikuwa na mfuko wa lile duka la Ghubra. Glavu za sufu zimechungulia juu.

Mimi si msemaji. Lakini na mimi nina mwisho wangu.

"Bi Kheiria," nikamwambia, "Bashayer chumba chake huko Duqm anakiacha mwezi wa tatu. Ukikitaka kwa Aseel, sema leo. Na useme na jina."