Mapigo Matatu Upande wa Pili wa Lori

Mimi si mtu wa maneno mengi, na hata kuandika naandika polepole. Kwa hiyo usidhani nimekaa nikatunga. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, kwenye kijiwe chetu cha matairi kando ya barabara kuu hapa Same.

Kwanza ujue tunavyofanya kazi. Lori likiingia, tunalikagua watu wawili na nyundo, mmoja kila upande. Tunagonga matairi kusikiliza upepo. Tairi lililojaa linalia kavu, lililopungua linalia zito kama gunia. Kompresa ina kelele, hatusikiani, ndiyo maana tumewekeana ishara. Pigo moja, upande wangu ni salama. Mapigo matatu, acha unachofanya, njoo huku.

Siku hiyo Kaka Elia, fundi wangu, alikuwa amekwenda kula. Likaingia lori la tangawizi kutoka Mamba, huko mlimani. Dereva, mtu mzima tunayemwita Baba Neema, alikuwa peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyuma kushoto, la ndani, halina kitu. Tangu mlimani nasikia lori linavuta. Jaza tu niwahi soko."

"Si tulifungue kwanza, tuangalie?"

"Dogo, wewe fundi au daktari? Jaza."

Ningebisha vipi? Mtu mzima akinikazia macho mimi hufanya anachotaka. Nikawasha kompresa, nikavuta mpira wa upepo, nikachuchumaa mbele ya lile tairi. Hata sijachomeka, nikasikia mapigo matatu upande wa kulia.

Nikajua Kaka Elia amerudi. Nikazunguka. Hakuna mtu. Baba Neema yuko kwenye usukani anaongea na simu. Nikarudi, nikachuchumaa tena, mkono wa kushoto nimeshika bodi ya lori. Mapigo matatu. Safari hii niliyasikia mpaka kwenye kiganja.

Nikazima kompresa, nikainama kuchungulia chini ya lori.

Niamini, niliona miguu miwili imesimama upande wa pili. Imevaa katambuga za mpira wa tairi, na ya kulia imefungwa kwa kamba ya kijani ya nailoni. Nikadhani ni mfugaji amefuata kivuli, anachezea nyundo yetu. Nikamwamkia.

"Marahaba," sauti ikaitika, taratibu kabisa. "Lifungue kwanza."

Nikazunguka mbio. Hakuna mtu. Vumbi la pale ni laini kama unga, na lilikuwa na nyayo zangu tu. Nyundo zetu zote mbili zilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lina kufuli.

Baba Neema akashuka. "Unamwamkia nani huko?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kamba ya kijani akashika mlango wa lori. Halafu akakaa chini, pale pale vumbini, na shati lake jeupe.

"Ile kamba nilimpa mimi," akasema.

Mwenye katambuga zile alikuwa utingo wake. Walifanya kazi pamoja mpaka siku tairi lilipowaishia upepo njiani. Baba Neema alikuwa na haraka, akamwambia ajaze tu. Likampasukia usoni. Wakamzika kwao, huko huko mlimani lori linakopakia tangawizi.

Tukalitoa lile tairi. Ndani mpira ulikuwa umesagika, unamwagika kama majani ya chai. Ubavuni nyaya za chuma zinazolishikilia tairi zimekatika mstari mzima. Lilikuwa limeteremka mlima wote bila upepo, na kwa kuwa mwenzake wa nje alibeba mzigo, kwa macho usingejua. Kaka Elia aliporudi alipitisha kidole kwenye zile nyaya, akapatazama pale nilipokuwa nimechuchumaa. Soda aliyorudi nayo hakuimaliza.

Tangu siku hiyo sigusi bodi ya lori kwa mkono wa kushoto. Baba Neema bado anapita hapa. Akisimama, hata kabla ya salamu, huenda upande wa kulia peke yake, anagonga tairi pigo moja, anasubiri. Mimi huziba masikio. Unajua kwa nini? Mara ya kwanza sikuziba, na nilisikia akijibiwa.

Wewe unayeendesha, na wewe unayejaza, nakuomba. Tairi lililotembea bila upepo usilijaze kabla ya kulifungua. Mwenye lori akikukazia macho, mwache akaze. Na ukisikia mapigo matatu upande ambao hauna mtu, weka mpira wa upepo chini, ondoka hapo ulipo. Lakini usiiname kuangalia miguu.