Mkalimani Anapatikana kwa Simu

Kwenye kituo kimoja cha afya huku Same, mama kiziwi aliyeshuka alfajiri kutoka milimani alisimama dirishani. Akashika kifua, akagusa sikio, akatikisa kichwa.

"Shikamoo mama! Unaumwa wapi?" muuguzi akauliza. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka foleni nzima ikageuka.

Nami nikiwa kwenye foleni, nikamuuliza muuguzi kama hawana mkalimani wa lugha ya alama.

"Tunaye! Kahitimu mafunzo juzi, maalumu kwa watu wa vijijini. Leo yuko semina Moshi. Siku nyingine mama apige simu kabla hajashuka."

Na ili mama aelewe, akaweka kiganja sikioni mfano wa simu.

Huduma imesogezwa kwa wananchi, jamani. Mama alielewa papo hapo, akacheka mpaka akashika tena kifua.