Historia ya Marehemu Niliyoiandika Mimi

Mume wangu alisoma karatasi moja, upande mmoja tu. Niliyoiandika mimi ilikuwa kurasa kumi na moja.

Tulikuwa Nakaloke, karibu na Mbale, nyumbani kwao, siku ya kumzika baba yake. Wanawake tulikaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba, tukisikiliza kwa spika iliyofungwa kwenye nguzo ya turubai. Kwetu mtu haendi kaburini kabla historia yake haijasomwa: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Hiyo historia baba mkwe alinisimulia mwenyewe, miezi minne akiwa kitandani, mimi namlisha uji kwa kijiko huku binti yangu ananyonya. Alinichagua kwa sababu nilisoma mpaka Sinia Foo, kidato cha nne, na mwandiko wangu unasomeka. Alisimulia kwa Kiswahili, maana mimi ni Msoga wa Jinja na Kigisu changu ni cha kununulia nyanya. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Nakaloke nzima ilimwita Afande.

Spika ikasema: "Marehemu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Jinja, kisha akarudi nyumbani kulima."

Nikataka kuinuka. Wifi yangu akanishika goti. Alinishika kabla sijasogea hata kidogo, ndipo nikajua kwamba hii karatasi waliipanga pamoja.

Akasimama Mkenya mmoja dereva wa malori, rafiki ya mzee wa siku nyingi. Akasema, "Afande alikuwa mtu wa watu." Ndani ya turubai lile lile tulimoambiwa sasa hivi kwamba alikuwa mfuma nguo. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyegeuza shingo. Halafu shehe akauliza kama yupo aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Uwanja mzima ukajibu, "Tumemsamehe."

Walisamehe nini?

Ukurasa wa saba ndio uliokuwa na jibu. Mzee alikuwa askari kijana Jinja, miaka ile ya utawala wa jeshi. Wiki moja alikula chakula kwenye nyumba fulani ya mtaa wa Walukuba, akapewa kiti, akasikiliza redio ya mwenye nyumba, redio iliyoshika stesheni za nje. Wiki iliyofuata alirudi mtaani huo juu ya lori, akaulizwa nyumba yenye redio ni ipi, akanyoosha mkono. Mwenye nyumba alipandishwa lorini na hakurudi.

"Isomwe yote," mzee aliniambia. "Mke wake bado yuko Walukuba. Asikie kutoka kwangu." Akamwita mume wangu, akamshika mkono mbele yangu. Mume wangu akasema, "Nitaisoma, baba." Nilikuwepo. Nilishika bakuli la uji.

Jioni ya mazishi nikamwambia, "Ulimwahidi."

"Nilimwahidi mgonjwa."

"Binti yako atauliza babu yake alikuwa nani."

"Atajibiwa kama sisi sote tulivyojibiwa. Wewe umekuja juzi. Usitufundishe kumkumbuka baba yetu."

Hapo nikamkumbuka mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, wa sosiolojia, aliyekuja Walukuba kabla sijaolewa. Mimi nilizaliwa Walukuba, nikawa mkalimani wake wiki mbili. Tulipita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanakumbuka nini. Mwisho wa mistari yetu ya nyumba, mstari wa nne, kulikuwa na jaja, bibi mmoja muuza kabalagala. Tangu utotoni nilinunua kwake hivyo vikeki vya ndizi, na tangu utotoni niliambiwa mume wake alisafiri. Majirani wakamwambia mwanafunzi hivyo hivyo: alisafiri. Mimi nikamtafsiria, alisafiri. Akaandika. Jioni akaniuliza, "Mbona hakuna anayesema alisafiri kwenda wapi?"

Akanieleza kwamba mtu hakumbuki peke yake. Familia, msikiti, mtaa, ndivyo vinavyokupa cha kukumbuka na maneno ya kukumbukia. Akasema utamaduni si ngoma na tohara tu, ni pamoja na yale ambayo watu wamekubaliana kutoyataja. Nilimcheka, nikaona anakula ada bure. Yeye alisema kwa heshima ya kitabu. Mimi nasema hivi: tunadanganyana kwa zamu, na anayekataa zamu yake anaitwa mgeni.

Daftari lenye zile kurasa kumi na moja mume wangu alilificha chini ya gunia la mahindi. Alisahau ni nani anayepepeta mahindi ya nyumba ile. Siku ya tisa nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Jinja, kwa yule jaja ambaye mume wake alisafiri.

Jaja alikuwa mlangoni kwake akimenya ndizi.

"Jaja, nimetoka Mbale."

"Najua. Wewe uliolewa kwa Afande." Kisu hakikusimama. "Amekufa?"

"Amekufa. Aliacha maneno usomewe."

"Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwenye chakula alichokula, mchuzi wa karanga, akanikatiza. "Karanga na simsim. Mimi ndiye nilipika."

Nikaendelea mpaka lori, mpaka mkono. Alimenya ndizi mbili zaidi.

"Mimi najua zamani," akasema. "Hapa kila mtu anajua. Hata mama yako alijua siku uliolewa."

Mama yangu. Alinifunga leso siku ile akilia, nikadhani ni furaha.

"Lakini niambie," jaja akasema, "taksi ya Mbale iko kila siku. Hii miaka yote, yeye hakuwa na miguu? Akatuma msichana na mtoto mgongoni."

Mimi nilikuwa nimemkasirikia mwana, kumbe baba naye alinifanya punda wake.

"Huko kwa mazishi walisema nini?"

"Walisema wamemsamehe."

"Wao wamesamehe. Mimi bado nasikiliza. Aliandika jina?"

"Jina gani?"

"Ya bwana yangu."

Nikafungua kurasa. Mwenye nyumba. Yule wa redio. Mtu wa mstari wa nne. Wakubwa wake wote wa jeshi aliwataja kwa majina, hata mbwa wa kambini alikuwa na jina. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu mimi, mwandiko ni wangu, na sikuona.

"Na wewe hukuuliza," akasema.

"Sikuuliza, jaja."

Akafuta mikono kwenye gauni lake la gomesi. "Toa kalamu."

Akataja majina matatu: la mumewe, la baba yake mumewe, la ukoo. Siyaandiki hapa, ni yake yeye. Nikayaandika pembeni mwa ukurasa wa saba, akaniambia niyasome. Nikasoma.

"Tena."

Nyumba ya pili mwanamke alikuwa anaanika nguo. Aliposikia jina akaacha beseni, akatugeuzia mgongo, akaelekea mlangoni kwake.

"Kwa nguvu," jaja akasema. "Huyo pia asikie."

Mtoto aliamka akaanza kulia. Nikasoma tena, juu ya kilio chake.