Mtandika Vitanda na Karata Zinazouliza

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, stoo ya mashuka ya hoteli moja ya ghorofa tano katikati ya jiji la Nairobi inanukia sabuni na mvuke wa pasi. Wanawake wanne waliovaa sare za buluu wameizunguka meza ya kupigia pasi. Wa tano, mnene, mwenye macho ya kucheka, anachanganya karata polepole, bila haraka hata kidogo, ingawa kazi inaanza punde.

"Kanyiva, leo ni wewe. Kata."

Kanyiva, mgeni kuliko wote kazini, anakata. Karata inayofunuliwa ina picha ya mtu aliyekumbatia fimbo kumi, mgongo umepinda, uso umezama ndani ya mzigo hata njia haoni.

"Unaona nini?" anauliza yule mnene.

"Naona mtu amebeba kuni."

"Halafu?"

"Amechoka, huyu. Ni kama mimi na watoto wa dada yangu. Wao wanne, wangu watatu, wote kwa hiyo chumba moja."

"Na mbona haweki chini?"

"Ataweka aje? Nani atambebea?"

"Mimi sijui. Wewe umeshawahi kuuliza mtu?"

Kanyiva anawageukia wengine. Wenzake wanatazama meza, hakuna anayemsaidia. "Hapana," anasema mwishowe. "Hata kaka yangu sijamuuliza. Na ako na kazi reli."

Kengele inalia. Karata zinarudi kwenye boksi, boksi linaingia mfukoni mwa aproni, na toroli tano zinatoka mbio kuelekea kwenye lifti.

Yule mnene ni Selpher Nanyama, mzaliwa wa Bungoma, mkazi wa Kabiria, mtandika vitanda kwa mwaka wa kumi na mmoja sasa. Mshahara wake unapita kidogo tu shilingi mia tatu kwa mwezi, kodi ya chumba na karo ya watoto wawili vikiumaliza kabla haujapoa mkononi. Mkubwa wa hoteli ameomba jina la hoteli lisitajwe, asije akapata wageni wanaotafuta mganga.

Maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Karata za Selpher ni zile ziitwazo taroti, sabini na nane, zenye picha za wafalme, nyota, panga na vikombe, ambazo wengi huko nje huzitumia kupigia ramli. Selpher hapigii mtu ramli. Kila asubuhi mmoja wao hukata karata moja, akaeleza anachokiona, kisha akaeleza kinafanana na nini maishani mwake. Sheria ni moja tu, nayo ni kali: hakuna kumfasiria mwenzako.

"Ukimfasiria mtu karata yake, umemwibia," anasema. "Wacha aseme mwenyewe. Akisema mwenyewe, hawezi kukataa."

Si wote wameielewa sheria hiyo. Kinyanjui, mwendesha lifti, ni mzee mpole anayependwa na kila mtu, lakini Jumapili za mashindano ya farasi pale Ngong Road humtoa akili. Alimsumbua Selpher mwezi mzima amtajie farasi atakayeshinda. Siku moja, ili apate amani, Selpher akamwambia akate. Ikatoka picha ya kijana mwenye deraya, vazi la chuma la vita, juu ya farasi mweupe. Kinyanjui akatoka mbio, akaweka pesa zake zote kwa farasi mweupe wa kwanza aliyemwona. Mnyama yule alifika wa mwisho, akipumua kama mgonjwa.

"Lakini farasi alikuwa kwa karata!" Kinyanjui alilalamika Jumatatu, mlango wa lifti ukiwa wazi na wageni wakisubiri.

"Hata mimi nilimwona, mzee," Selpher akamjibu. "Lakini hakusema anakimbia."

Karata zenyewe zilimfikia kwa njia halali. Mwanzoni mwa mwaka 1968, miaka saba iliyopita, Wahindi wengi walipokuwa wakiuza nyumba na kuondoka kwenda Uingereza, familia moja ililala hotelini usiku wake wa mwisho Kenya. Asubuhi yake Selpher alipoenda kutandika, alikuta boksi ndani ya droo ya kando ya kitanda. Akalipeleka kwa msimamizi kama ilivyo desturi. Kitu kilichosahauliwa hufungiwa stoo miezi mitatu, na kisipodaiwa hupewa aliyekiokota. Hakikudaiwa.

Kwa muda mrefu hakujua afanye nalo nini. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akizitazama zile picha jioni pale Kabiria, kabla ya kulala, kwa sababu zilikuwa nzuri na chumba kilikuwa kimya mno.

Ukimya ule una sababu yake, na Selpher huieleza akitazama pembeni. Mwaka mmoja kabla ya hapo, surua ilipita kijijini kwao. Alikuwa na watoto watano, wote wakilelewa na mama yake huku yeye akitafuta riziki Nairobi. Watatu walikufa. Alienda, akazika, akarudi kutandika vitanda vya watu. Wawili waliobaki aliwaacha kwa bibi yao, akawa anatuma pesa tu, hakwenda tena.

"Watu walisema mimi ni mama mgumu. Si ugumu. Nilikuwa nikiangalia hao wawili, naona wale hawako. Nikaona afadhali nisiwaangalie."

Jioni moja akafunua karata ya mtu aliyevaa joho jeusi, kichwa kimeinama. Mbele yake vikombe vitatu vimepinduka na kumwaga vilivyomo. Selpher aliilia karata ile mpaka jirani akagonga ukuta. Alilala nayo mkononi. Asubuhi, akiiangalia kwa mwanga wa dirisha, ndipo alipoona kitu ambacho macho ya jioni yalikuwa yamekiruka: nyuma ya yule mtu kulikuwa na vikombe viwili vingine, vimesimama wima, na mtu amevipa mgongo.

"Nilienda kazini kama nimepigwa. Mwisho wa mwezi nikapanda basi. Nilipofika nyumbani, Nekesa alikuwa ananichungulia kwa mlango kama mgeni. Barasa hakunijua kabisa. Nikawaambia, kusanyeni nguo."

Nekesa sasa ana miaka kumi na minne, Barasa kumi na mmoja, na chumba cha Kabiria hakina ukimya tena. Kuna wanaodai kwamba Mkristo hafai kushika vitu kama vile. Mwinjilisti wa kanisa lake amemwambia hivyo mara mbili, naye amemjibu kwa heshima mara mbili. "Ninayezungumza naye ni Mungu," anasema. "Karata ni ya kunizuia nisimdanganye."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Jumanne ya wiki iliyopita, mwanamke mmoja wa Kihindi aliyevaa sari ya kijivu alipoingia hotelini na kumwuliza karani wa mapokezi, Lazarus, kama miaka saba iliyopita kuna boksi la karata lililookotwa chumbani. Alikuwa amekuja kutoka Leicester, Uingereza, kumtembelea dada yake, ndege yake ya kurudi ikiwa Jumapili. Lazarus alimwambia hajui. Kisha akapanda ngazi mbio kumtafuta Selpher.

"Nimemwambia sijui," akanong'ona. "Ameacha namba ya simu. Ukitaka nitaichana, na mambo yaishe hapo."

Tangu siku hiyo stoo ya mashuka haijatulia. Kanyiva na wenzake wana msimamo mmoja: kitu ni cha Selpher, sheria ya hoteli inasema hivyo. Na tena, mwenye kuacha kitu miaka saba hakihitaji. Lazarus ana wazo hilo hilo. Kinyanjui naye anasema arudishiwe mwenyewe upesi, labda na bahati yake mbaya itaondoka nazo.

Na Selpher? Kwa siku mbili alitandika vitanda bila kuimba, jambo ambalo halijawahi kutokea. Anakiri waziwazi kwamba aliogopa. Aliogopa wenzake wataacha kuja asubuhi. Aliogopa zaidi kwamba yeye mwenyewe, bila zile picha, atarudia kuwa yule mama asiyeangalia watoto wake.

Alhamisi jioni alikata karata peke yake. Ikatoka picha ya mtu aliyekaa amekumbatia sarafu kubwa kifuani, nyingine kazikanyaga kwa miguu, nyingine iko juu ya kichwa, hawezi kuinuka wala kugeuka.

"Karata haikuniambia toa wala usitoe," anasema. "Haisemangi. Mimi nilimcheka tu huyo mtu, mpaka machozi. Kisha nikajiangalia. Nimekaa kwa kitanda, nimeshika boksi hivyo hivyo kama yeye, na watoto wananiangalia."

Ijumaa asubuhi, baada ya ile karata ya Kanyiva ya fimbo kumi, akamwambia Lazarus apige simu.

Bi. Hemlata, yule mgeni wa Leicester, anafika saa tisa alasiri. Ni mwembamba, nywele zimeanza mvi, na Kiswahili chake cha dukani kinamrudia polepole kadiri anavyoongea. Wanakaa kwenye viti vya nyuma ya mapokezi. Selpher amevua aproni. Anaweka boksi mezani, analisukuma mbele.

"Zote ziko, mama. Sabini na nane. Kona zimechakaa kidogo."

Hemlata anazimwaga mezani, anazipitia kwa vidole. "Wewe natumia?"

"Kila siku."

"Pole sana. Mimi hapana sahau, unajua. Mimi acha makusudi." Anatabasamu kwa haya. "Ile usiku ya mwisho mimi naketi kwa kitanda nakata. Kila karata nauliza mimi, unataka kwenda? Unataka kwenda? Na tikiti iko kwa mkoba, bwana iko lala, watoto iko lala. Mimi naona hasira. Natia kwa droo, nafunga."

"Na sasa?"

"Sasa bwana nakufa, watoto naoa. Hapana mtu ya kuamsha." Anazikusanya karata, anazigonga mezani zikae sawa. "Sasa naweza jibu."

Selpher anaitikia kwa kichwa taratibu. Nyuma ya kaunta, Lazarus anajifanya kusoma kitu.

Ndipo Hemlata anapogeuza karata zote uso juu na kuzitandaza meza nzima. "Moja chukua," anasema. "Yoyote. Ikae ukumbusho."

Mkono wa Selpher unakwenda moja kwa moja, bila kutafuta, juu ya mtu wa joho jeusi na vikombe vyake. Unakaa hapo. Mwandishi wa makala haya hakupumua, na anaamini Lazarus naye hakupumua. Kisha Selpher anaitelezesha karata ile kurudi kati ya zile nyingine.

"Hapana, mama. Ukipunguza moja, hizo zingine hazitakwambia ukweli wote. Na huyu," anasema, akimgusa mara ya mwisho kwa ncha ya kidole, "huyu bado amewapa mgongo. Mimi niligeuka."

Hemlata hakuuliza maana yake. Alisimama, akamshika mikono yote miwili, wakakaa hivyo, mmoja mnene na mmoja mwembamba, mpaka dereva wa teksi akapiga honi nje.

Jumatatu asubuhi wanawake walikuja stoo kama kawaida, wakaizunguka meza tupu. Kulikuwa na aibu kidogo. Kanyiva ndiye aliyeanza, bila kuulizwa: Jumamosi alienda kwa kaka yake, akamwomba achukue wawili kati ya wale watoto. Kaka alikasirika kwanza, kwamba mbona hakuambiwa mapema. Kengele ililia kabla hajamaliza, na msimamizi akaja mwenyewe kuwatoa.

Selpher ameomba likizo ya Desemba. Anataka kwenda nyumbani na Nekesa na Barasa, wapalilie makaburi ya ndugu zao na kuyawekea mawe, kwa sababu tangu siku ya maziko hajakanyaga hapo. Baada ya hapo, anasema, ataona kama kina mama wa Kabiria watapenda kukutana Jumamosi jioni kwake, karata ziwepo zisiwepo.

Mwandishi alipokuwa akiaga, aligundua kwamba katika mazungumzo yao yote wale watoto walikuwa "watatu" tu, au "wale". Akauliza kama angependa waitwe kwa majina gazetini.

Selpher alikunja shuka alilokuwa nalo, akalikunja tena. Alikiri kwamba tangu awazike hajawahi kuyatamka kwa sauti, hata kwa Mungu.

"Andika," akasema. "Wa kwanza ni Naliaka." Akaliweka shuka mezani. "Khaemba. Na mdogo wao, Nasambu. Umeandika? Hebu nisomee nisikie."